Nilimlazimisha Aandike Anwani

Admin, nifichie jina, na mtaa ninaokaa siku hizi pia usiutaje. Mkisoma hadi mwisho mtaelewa. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, mjane, watoto wangu wote wana nyumba zao. Kuna jambo nilifanya miaka ya tisini nikiwa msichana mwenye kiherehere, na wiki hii limenirudia mlangoni.

Wakati huo nilikuwa mwalimu asiye na cheti. Asubuhi nilifundisha nasari, na mchana nilifungua darasa langu ndani ya kanisa la mabati kule Kiuu, nyuma ya posho mill ya kusaga unga, kwa watoto waliolala kwenye vibanda vya soko. Watu waliwaita chokoraa. Mimi niliwaita kwa majina yao, na nilijivunia hilo kupita kiasi. Sheria zilikuwa mbili: unaosha uso kwa mfereji, na chupa ya gundi ya kunusa unaiacha nje ya mlango. Wakishakunywa uji, tunasoma.

Kati yao alikuwako msichana wa miaka kumi na tatu, nitamwita Nyambura. Kwao ni mashamba ya kahawa, ukishapita Thika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Nilipomuuliza kwa nini alitoroka alisema tu, "Nyumbani kuna mtu." Sikumuuliza ni mtu gani. Niliona kazi yangu ni kumfundisha, mengine yatajipanga.

Siku moja nikafundisha barua ya kirafiki. Kila mtoto amwandikie mtu wa kwao, nami ningezipeleka posta. Nyambura alimwandikia mama yake ukurasa mzima, kwamba yuko hai, kwamba sasa anajua desimali. Lakini pembe ya juu kulia aliiacha wazi. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika: "Anwani iko wapi?"

"Tichaa, si mama atajua tu ni mimi?"

"Barua ya kirafiki bila anwani inapewa sifuri. Unataka sifuri kwa mtihani?"

Akachukua karatasi nyingine, akaandika yote upya, na pale juu akajaza jina la kanisa, Kiuu, hata posho mill akaitaja. Nikampa kumi kwa kumi. Stempu niliilamba mwenyewe.

Kwao barua zilifika kwa sanduku la kanisa, na majina yakasomwa baada ya ibada. Hilo nililijua, hata kwetu ilikuwa hivyo. Sikufikiria ni nani angeinua mkono kuipokea.

Wiki ya tatu alikuja mwanamume mwenye koti safi, barua yetu ikiwa mfukoni mwa shati. Alikuwa baba wa kambo. Alinisalimia kwa adabu, kwa mikono miwili.

"Asante sana mwalimu. Umemfundisha vizuri, ameandika hadi posho mill. Sikupotea hata kidogo."

Nyambura alifunga kitabu, akaweka penseli juu yake, akasimama. Hakulia. Alipita karibu nami, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia amsalimie mama.

Mwezi uliofuata mama yake alikuja kuniuliza kama mtoto bado yuko kwangu. Nyumbani hakufika. Mumewe alisema aliruka kutoka kwenye gari pale Juja, akatokomea. Tulimtafuta hadi tukachoka. Darasa nikalifunga. Miaka yote hii niliamini amekufa, na kwamba aliyemuua ni mimi.

Mwezi jana pasta wa lile kanisa la Kiuu akaniletea barua. Mwandiko niliujua kabla sijaifungua. Ana watoto wawili, na yeye ni mwalimu. Mstari wa mwisho ulisema, "Anwani sijaandika, tichaa. Wewe nipe tu sifuri."

Nililia kwa furaha, na hapo nikarudia ujinga wangu. Jumapili nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba mtoto niliyedhani amekufa yuko hai na ameniandikia. Watu wakapiga makofi.

Alhamisi yule mwanamume akabisha kwangu. Ni mzee sasa, anatembea na bakora, lakini salamu yake ni ile ile, mikono miwili. Hakusema nani alimpa habari wala nani alimwonyesha nyumba.

"Mama yake amelala kitandani, hatainuka tena," alisema. "Anamwita kila siku. Barua sitaki, mwalimu. Nionyeshe tu bahasha niangalie muhuri wa posta."

Nikamwambia sijui niliiweka wapi. Akatabasamu. "Itafute pole pole. Nitarudi Jumapili mkitoka kanisani."

Nimeulizia. Ni kweli mama anaumwa sana. Muhuri ule ulisomeka vizuri, na mji wenyewe ni mdogo, mwalimu hafichiki huko. Nikinyamaza, mama atakufa bila kumwona mtoto wake. Nikienda mimi kumwambia Nyambura, huyu mzee aliyefika kwangu bila kuelekezwa na mimi atashindwaje kunifuata? Naogopa, nawaambia ukweli. Silali.

Nishaurini kabla ya Jumapili, niende au ninyamaze? Bahasha nimeshaichoma leo asubuhi. Jina la mji sasa liko kichwani mwangu tu, na mmeshaona mdomo wangu ulivyo.