Krashi Kwenye Karatasi ya Karanga

Harufu ya karanga zikikaangwa hunitia tumbo joto mpaka leo. Mwenzangu wa ofisini hapa Kasulu akifungua zake, mimi natafuta sababu ya kutoka nje. Nichekeni tu.

Mama aliuza karanga kijijini kwetu Nyakitonto, akizifunga kwenye kurasa za madaftari yetu yaliyojaa. Kila Jumatatu alinipa kikaratasi kimoja nimpelekee mwalimu wetu wa Kiingereza, mama mmoja wa Tanga aliyehamishiwa kwetu. Jumatatu moja, nikiwa darasa la sita, mwalimu alikifungua, akamwaga karanga mezani, akaisoma karatasi. Nikauona mwandiko wangu: "Krashi wangu ni Eliya."

Jamani, nilikwisha! Dada yangu aliwahi kukutwa na barua ya mvulana, baba akamtoa shule wiki hiyo hiyo, akampeleka Mabamba kulima kwa shangazi. Baba alikuwa mtu wa neno moja. Nikaanza kuwaza jembe langu litakuwa lipi.

"Neno hili, krashi, umelitoa wapi?"

"Redioni, mwalimu."

"Na maana yake?"

"Mtu unayempenda, na mwenyewe hajui."

"Kwa Kiingereza asili yake ni kuponda, mwanangu. Kusaga kabisa, kama muhogo kwenye kinu. Wengine husema wasema Kiingereza wa zamani walianza na 'mash', neno la kuponda viazi, baadaye wakashika hili. Waliona penzi la hivyo linavyomgeuza mtu unga. Wewe bado hujawa unga. Eliya anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue mpaka umalize shule."

Akaichana karatasi vipande vipande, akaanza kula karanga zake. Wiki nzima nilishtuka kila baba alipokohoa, nikijua leo ndiyo leo. Hakusema kitu. Nikaamini Mungu kanisitiri.

Mwaka jana, tukimenya karanga, nilimsimulia mama huku nacheka. Yeye hakucheka.

"Mwana wanje, mwanangu, ukurasa ule niliuchagua mimi. Hilo neno krashi sikulijua, ila jina la Eliya nililisoma. Ningempa baba yako? Dada yako alipochukuliwa nilikaa kimya. Wewe nikakutuma kwa mwalimu akuonye yeye, maandishi nikayakunjia ndani usiyaone njiani ukatupa."

Maganda yalimdondoka mkononi. Akageuka kutazama mlango kama baba anasikia, mzee wa watu, kwa jambo la miaka yote hiyo. Na mimi nilidhani siku ile niliogopa peke yangu.