Daktari wa Televisheni Aliyekufa Bila Mama Kujua

Siku mwigizaji yule alipofungua mlango wa fleti yake pale South Beach, Durban, nilimtambua hapo hapo. Nywele zilikuwa zimegeuka nyeupe na mashavu yameshuka, lakini macho yalikuwa yale yale, na bado alikuwa na ile tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza moyo wa mgonjwa. Kisha akaniambia kwa Kiingereza, "Karibu, mwalimu," nami nikabaki mlangoni nimeshika mkoba wangu. Sauti haikuwa yake.

Nilizaliwa Bukavu. Nilipokuwa msichana, majirani zetu walikuwa na televisheni, na umeme ukiwepo tulijazana sebuleni kwao kutazama tamthilia ya Kimarekani kuhusu hospitali moja. Daktari mkuu wa hospitali ile alikuwa yeye. Mama yangu alimwita Munganga, kama tunavyowaita madaktari kwetu, wala hakuwa na haja ya jina lingine. Na Munganga alizungumza Kifaransa. Alikuwa na sauti nzito, ya taratibu, ya mtu ambaye hajawahi kukimbilia basi. Nilikua nikijua kwamba hiyo ndiyo sauti yake. Sasa mwenye uso ule alikuwa mbele yangu Durban, akiniuliza kama natumia sukari, kwa sauti nyembamba ya haraka inayopitia puani.

Sikumwambia kitu siku ile. Nilikuwa nimekuja kazini.

Kazi yangu ya kila siku ni kusuka nywele. Nina kiti changu katika saluni moja karibu na mtaa wa Point, katikati ya dada wa Burundi na kaka anayetengeneza simu. Lakini nyumbani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na jambo hilo pasta wetu alilikumbuka watu wa televisheni walipokuja kanisani kuuliza. Walikuwa wanapiga picha za tamthilia inayotokea mashariki ya Kongo. Durban ingesimama badala ya Kivu, bahari wangeikwepa kwa kugeuza kamera. Mwigizaji huyo mzee kutoka Amerika angeigiza padri anayeendesha hospitali ndogo, na padri huyo alipaswa kuzungumza Kiswahili kama mtu aliyezeekea kule. Pasta akaninyooshea kidole mimi.

Nilidhani nitamfundisha kutamka, basi. Yeye alikuwa na maswali mengine. Sentensi yake ya kwanza kwenye karatasi ilisema, "Je, unahisi maumivu mahali gani?" Akaisoma vizuri, kisha akaiweka mezani.

"Huyu padri amekaa nanyi maisha yake yote," alisema. "Angesema hivi?"

"Hapana, papa. Hayo ni maneno ya redioni," nilisema, nikimwita papa kama tunavyowaita wazee kwetu.

"Wewe ungesemaje?"

"Iko nakuuma wapi?"

Akairudia. Akataka kujua "iko" ni nini. Nikajaribu kumweleza kama mwalimu, nikakwama, nikamwambia kwamba iko ni iko. Alicheka sana, na wiki ile yote akawa anaitia kila mahali: kahawa iko, mvua iko, mwalimu iko. Na mara nyingi ilikuwa sawa.

Kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifikiria. Mtu wa kwetu akimuuliza mgonjwa swali hilo, anamtazama usoni au anatazama pembeni? Anamshika? Anakaa, au anabaki amesimama? Nilimwambia nitamjibu kesho. Siku iliyofuata nikasuka nywele nikiwachunguza wateja wangu. Mmoja alikuwa akimweleza mwenzake habari za mgongo wake, na yule mwenzake, kabla hajasema lolote, alisogeza kiti. Nilipompelekea mzee habari hiyo, alifurahi. Akasogeza kiti chake karibu na meza mara kadhaa, akitafuta namna ya kufanya hivyo bila kuonekana anafanya.

Ndipo na mimi nikaanza kuuliza. Sijawahi kumfahamu mtu ambaye kazi yake ni kuwa watu wengine, na nilitaka kujua inaanzaje. Alinisimulia vipande vipande, chai ikipoa.

Baba yake aliuza matairi katika mji mdogo ambako treni ilipita bila kusimama. Yeye alitoroka matairi akawa dereva wa lori la kikundi cha maigizo kilichozunguka miji kama ule wa kwao. Kazi yake ilikuwa kupakia mapazia na viti. Mahali fulani mwigizaji wa kikundi akaumwa tumbo, na hakimu wa kwenye mchezo akakosekana. Wakamvalisha joho dereva. Alikuwa na maneno machache tu ya kusema, na aliyasema akiwa amesimama, ingawa hakimu alipaswa kukaa, kwa sababu magoti yalikataa kukunjika. Watazamaji waliona ni hakimu mkali sana.

"Ulipenda?" nilimuuliza.

"Nilitapika. Halafu nikaomba wanipe tena."

Akahamia New York. Kwa miaka mingi mchana alibeba sahani mgahawani, jioni alisimama jukwaani katika vyumba vya chini ya ardhi ambako watazamaji wakati mwingine walikuwa wachache kuliko waigizaji. Alikuwa mume, askari, mwizi, mara moja alikuwa farasi. Akaoa, akaachika, akapata binti ambaye sasa ni fundi wa meno. Na siku moja, akiwa ameshakaribia kukata tamaa, akaitwa kwenye televisheni kujaribiwa kama daktari.

Alisema umaarufu ulimjia kwa njia ya ajabu. Watu hawakumwomba picha. Walimwonyesha magoti yao. Dukani, benki, mtu alikunja suruali na kumuuliza uvimbe ule ni kitu gani. Mwanzoni ilimchekesha. Kisha akawa ndani ya ndege, abiria mmoja akazidiwa, mhudumu akauliza kama kuna daktari, na safu zote zikageuka kumtazama yeye.

"Ukafanya nini?"

"Niliinuka. Sijui kwa nini. Nilikwenda nikapiga magoti, nikamshika mkono. Nilimwambia maneno ya daktari wangu, yale ya kwenye tamthilia, kwa sababu sikuwa na mengine. Mtu yule akaanza kupumua polepole. Baadaye akatokea nesi kutoka viti vya nyuma, nami nikaenda chooni kutetemeka."

Aliporudi mjini alijiandikisha kusoma huduma ya kwanza. Alisema hawezi kupanda ndege tena na uso ule bila kujua chochote.

Halafu wakamuua. Hakuambiwa. Alifungua karatasi za kipindi kijacho akasoma kwamba gari la daktari limepinduka. Watengenezaji walikuwa wanataka sura mpya. Baada ya hapo simu yake ilikaa kimya muda mrefu, maana kila aliyemwona alimwona daktari aliyekwisha kufa. Akarudi jukwaani, kwenye vyumba vile vile vya chini.

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia kwamba nilikua nikimtazama, na kwamba kwetu alikuwa na sauti nyingine. Alijua tamthilia iliuzwa nchi nyingi, lakini hakuwahi kusikia sauti aliyowekewa kwa Kifaransa. Nilitafuta kwenye simu yangu mpaka nikapata kipande kimoja, picha mbovu, daktari yuko kando ya kitanda cha mgonjwa. Tukaweka simu juu ya bakuli la sukari.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba nirudie. Nikarudia.

"Ni nani huyu?" alisema.

Hakuna jina lililoandikwa popote. Tulitafuta.

"Ana upole kuliko mimi," alisema. "Mimi pale nilikuwa nataka kumaliza nikale. Yeye amemsikiliza yule mgonjwa." Akanigeukia. "Wewe ukimkumbuka Munganga, unamkumbuka nani?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu aliuliza kwa kutaka kujua kweli. Nikamwambia uso ni wake, mikono ni yake, lakini akizungumza kichwani mwangu anazungumza mtu yule mwingine. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu.

Mama yangu bado yuko Bukavu. Jumapili baada ya ibada huwa tunaongea kwa simu ya video, na Jumapili ile nilimwambia ni nani ninayemfundisha. Hakuamini. Akasema nimpe azungumze naye. Mzee alikuwa tayari kabisa. Jumatatu mchana nikapiga nikiwa kwake, nikampa simu, naye akainamisha kichwa na kusema maneno tuliyofanyia mazoezi asubuhi nzima.

"Jambo, mama. Habari ya huko?"

Mama akakaza macho. Aliniuliza mimi, kana kwamba yeye hasikii, "Iko yeye?"

"Ndiyo, mama, ni yeye."

"Sura iko yake. Sauti haiko yake."

Nikamtafsiria mzee. Akasema anajua, na kwamba anaomba radhi kwa sauti hiyo lakini ndiyo aliyozaliwa nayo. Mama akaikubali, japo kwa shida. Kisha akasogea karibu na simu mpaka tukaona paji la uso tu, akasema ana swali alilokaa nalo siku nyingi. Vita vilipofika mjini, majirani walikimbia na televisheni yao, na waliporudi tamthilia ilikuwa haionyeshwi tena. Hakuwahi kuona mwisho. Munganga aliendelea namna gani?

Nilimtafsiria mzee hilo nikaona amenitazama. Alielewa kabla sijamaliza. Huko Bukavu daktari wake alikuwa hai bado, anazunguka wodini, miaka yote hiyo.

"Nimwambie?" aliniuliza taratibu.

"Sijui, papa. Swali ni lako."

Alifunika simu kwa kiganja. Nilidhani atatunga mwisho mzuri, maana hiyo ndiyo kazi yake. Badala yake aliniuliza neno la kufa, na neno la gari alikuwa nalo. Akaondoa kiganja.

"Mama," alisema. "Mimi nilikufa. Gari."

Mama alirudi nyuma mpaka tukamwona uso wote. Nyuma yake jogoo wa mtu aliwika. Kisha mama akavuta kitenge begani.

"Aa. Pole sana, papa," alisema. "Ulikuwa munganga muzuri." Na baada ya kufikiri: "Na bibi yako alibakia na nani?"

Mzee aliponisikia natafsiri bibi kuwa mke, akakumbuka yule nesi ambaye daktari alimwoa kwenye tamthilia, akasema alibaki kazini, akawa mkubwa wa manesi. Hilo lilimridhisha mama. Alimwombea mzee sala fupi, kisha ndefu, akamwambia ale vizuri, akakata.

Baadaye mzee aliniuliza kwa nini mama ameomba msamaha kwa ajali ambayo hakuisababisha. Nikamweleza kwamba pole, niliyoitafsiri "sorry", si kuomba msamaha. Unaweza kumwambia mtu aliyejikwaa, aliyefiwa, hata aliyetoka kazini amechoka. Unamwambia tu kwamba umeona. Alitembea mpaka dirishani, akakaa hapo akitazama watu wa ufukweni, na hatukuendelea na somo siku hiyo.

Upigaji picha ulifanyika Jacobs, huko huko Durban, katika kiwanda kilichofungwa ambacho kiligeuzwa hospitali ya misheni. Walipanda migomba kwenye madumu na kumwaga udongo mwekundu mlangoni, lakini harufu ya rangi ya zamani haikutoka. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kamera nikiwa nimevaa vidude vya masikioni, kazi yangu ikiwa kuinua mkono akikosea. Mgonjwa wake alikuwa kaka wa Burundi kutoka kanisani kwetu, mlinzi wa maegesho ya magari, ambaye hakuwahi kuigiza na alikuwa anatetemeka kweli.

Mzee alisogeza kiti. Akamuuliza inamuuma wapi. Kaka yule, aliyepaswa kunyamaza na kufumba macho, alijibu. Alisema, "Hapa," akaweka mkono kifuani, na akaanza kueleza habari za ndugu yake aliyebaki kambini, kwa Kiswahili, maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi yoyote. Mwongozaji hakuelewa neno, na hakusimamisha. Mzee naye hakuelewa zaidi ya nusu. Lakini alimsikiliza mpaka kaka yule akamaliza, akabaki amemshika mkono. Sikuinua mkono wangu. Msichana wa Kizulu aliyeshika vipaza sauti alinong'ona "eish" na kufuta macho, ingawa naye hakujua kilichosemwa.

Kipindi kilipoonyeshwa, tulijaa saluni kukitazama. Sehemu ile ilikuwa imekatwa. Padri alionekana akisogeza kiti, kisha akaonekana akitembea kwenye migomba. Kaka wa Burundi alionekana miguu tu. Nilikasirika nikamwandikia mzee, ambaye wakati huo alikuwa amesharudi kwao. Alijibu kwamba ndivyo ilivyo, kwamba nusu ya kazi aliyoifanya vizuri maishani mwake iko sakafuni kwenye chumba cha mtu fulani. Akaniomba nimwulizie kaka yule habari za ndugu yake. Nilimwulizia. Alikuwa hajapata habari bado.

Siku hizi kampuni zikija kutafuta watu wa Kiswahili huniita, na nimeanza kuangalia watu kwa namna nyingine ninapowasuka, mikono yao hasa. Mzee naye yuko jukwaani tena. Aliniambia anaigiza babu wa familia moja, anayekaa kwenye kiti cha kuegemea tangu pazia kufunguliwa hadi kufungwa, wala hasemi neno. Nilitaka sana kujua mtu anaigizaje kitu kama hicho. Akasema bado anajaribu kujua. Kiti ni kibovu, mgongo unamuuma, na majuzi alisinzia kweli, watu wakampigia makofi.