Halua Kabla ya Dua

Leo nacheka, lakini siku ile ningeona shimo ningejitumbukiza mwenyewe. Nilikuwa nimeposa binti katika mji wa Siyu, jibu sijapewa, na baba wa binti, Bwana Athumani, akanialika maulidi nyumbani kwake (yaani nikaangaliwe vizuri, nani asiyejua). Nina kisukari tangu utotoni, na hilo sikuwa nimemwambia, nikaona heri nikubaliwe kwanza, mengine baadaye.

Harufu ya biriani iliponifikia, mimi mjanja nikajipenyeza chooni nikajidunga insulini, maana kujidunga mbele za watu kungetoboa siri. Kumbe chakula hakiguswi mpaka dua, na dua ilikuwa mbali, mwalimu kila akimaliza kasida anakumbuka nyingine! Jasho likanitoka, mikono ikatetemeka, akili ikaanza kuniaga. Watu wote wakasimama, marashi yananyunyizwa, na mimi peke yangu niko chini, nimekumbatia sinia ya halua, nala kwa mikono miwili.

Kasida ikakatika. Bwana Athumani akaniinamia.

"Una nini, mwanangu?"

"Nina kisukari," nikasema, halua imejaa mdomoni.

"Mwenye sukari, na halua yote hiyo? Basi ndiyo iliyokutia maradhi!"

Hapo ningenyamaza, lakini mimi na kunyamaza wapi na wapi! Nikatoa darsa: kwamba halua haikunitia maradhi, sasa hivi ndiyo inaniokoa kwa kuwa sindano imeshusha sukari, kwamba mwilini mna askari wa kinga, na baadhi yao kazi yao ni kuwatuliza wenzao, kuwaambia huyu wa nyumbani, mwacheni, kwangu watulizaji wakashindwa, askari wakazivamia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, wakaziua. "Ni kama wazee wa mtaa wamelala!" nikasema, na kidole changu (Mungu anisamehe) kikawaelekea wazee wa mtaa, safu nzima.

Bwana Athumani akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Yambo kama hili wanifita mimi, siri ya nini? Mwanangu atakupikia vipi, naye hayui saa zako za kula?"

Nilitamani kulia, kwa aibu na kwa furaha, maana jibu la posa ndilo hilo.

Mpaka leo, kila maulidi ya ukweni, mtu hupaza sauti: "Mpeni chakula mwenye wazee walolala!" Nami sindano siitoi mpaka niuone wali mbele yangu, na naitoa hapo hapo, mbele ya wazee wote, walio macho na waliolala.