Sanduku Ambalo Somoe Hakulitaka

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Nilikuwa nimetoka Chiwata na cheti changu cha ugavi kwenye bahasha, viatu vinang'aa, nikidhani nitaonyeshwa meza yangu na kiti changu. Mtunza Bohari Mkuu wa chama chetu cha ushirika pale Masasi, mzee mrefu wa Kiyao mwenye sauti ya upole, alinitazama usoni, akavitazama viatu, akasema: "Binti, fagia bohari yote. Ukimaliza, uje uniambie ni kitu gani kimelala humo miaka na hakiulizwi na mtu."

Nikafagia nikiwa nimenuna. Nyuma ya magunia nikakuta mabomba ya kupulizia mikorosho, ya aina tofauti tofauti, mazima kwa kuyatazama tu. Nikaenda kumwambia. Akacheka. "Yote mabovu. Na mpira wa hili hauingii kwenye lile. Waliyanunua watu waliosoma bei, wakaishia kwenye bei. Mnunuzi mbaya hununua kitu, binti. Mnunuzi mzuri hununua kitu pamoja na vipuri vyake na fundi wake."

Ninyi vijana wa leo mnaoagiza vitu kwa simu mkiwa mmelala kitandani, labda hamjui ugavi ulikuwa nini. Ugavi ni kazi ya kuhakikisha ofisi ina inachohitaji kabla haijaanza kupiga kelele. Ulikuwa unaandika sifa za kitu unachokitaka, unatafuta ankara kifani, yaani karatasi ya muuzaji inayotaja bei kabla hujanunua, kutoka kwa wauzaji zaidi ya mmoja, halafu unakaa na wakubwa kuamua. Lawama zote ni zako. Kitu kikidumu, Meneja ana jicho la kuchagua. Kikifa, Afisa Ugavi kala rushwa. Nilijifunza mapema kuwa na ngozi ngumu, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa hodari.

Nilipopandishwa cheo kuwa Afisa Ugavi, nikahamishiwa tawi la Newala. Huko juu ya uwanda kuna baridi ya Juni inayoingia mpaka kwenye mifupa, na maji yalikuwa ya kutafutwa mbali. Meneja wa Tawi alikuwa mtu nadhifu, tai shingoni hata siku ya jua kali, mchapakazi, ila alipenda kuonekana. Mpiga chapa wetu alikuwa Somoe, mwanamke wa Kimakonde wa pale pale Newala, mdogo wangu kwa umri. Polio ilimkamata mguu utotoni, akawa anatembea na gongo. Alikuwa na mama mzee na watoto wawili, na mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Wenzake wakikosa mshahara waliweza kushika jembe wakaenda kupalilia mikorosho. Somoe hakuweza. Vidole vyake juu ya taipureta ndivyo vilikuwa shamba lake.

Kisha likaja soko huria. Zamani korosho yote ilipita kwetu, mkulima hakuwa na pengine pa kuipeleka. Sasa wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, wana haraka, wana simu, na hesabu zao zinatoka kwenye kompyuta zimenyooka kama nywele za bandia. Makao makuu yakatuambia tujirekebishe au tufungiwe. Tukapewa idhini ya kununua kompyuta moja.

Bwana Meneja akatuita ofisini, mimi na Somoe. Mezani alikuwa na picha mbili ambazo mimi mwenyewe nilizipata kwa wauzaji. Ya kwanza ilikuwa kompyuta ya kipande kimoja: kioo na kila kitu ndani ya mwili mmoja, unachomeka waya wa umeme na kibodi, basi. Nzuri kama kitu cha harusi. Ya pili ilikuwa na kioo peke yake, na pembeni sanduku la bati lililosimama, lile ambalo siku hizi kila mtu analiita sipiyu, na waya zake nyingi nyuma kama mizizi ya muhogo.

"Mama Bertha," akaniambia, maana mwanangu wa kwanza ni Bertha na jina langu watu walishalisahau, "wanunuzi wanaingia humu wamevaa suti. Wakute kitu. Hii ya kipande kimoja ndiyo ya kisasa."

"Ni ya kisasa, Bwana Meneja. Ikiharibika kioo tutafanya nini?"

"Tutapeleka Dar."

"Kioo?"

"Yote. Si kipande kimoja?"

"Ndipo ninapokataa mimi. Hii ya sanduku inafunguliwa kwa bisibisi. Kikifa kimoja unatoa hicho kimoja. Memori ikiwa ndogo unaongeza. Hadi diski, ile inayotunza kazi, ikijaa unaweka nyingine pembeni yake."

Akakuna kidevu. Ndipo akasema neno lililonifanya nisilale vizuri: "Nunua unayotaka, wewe ndiye mtaalamu. Lakini nasema mbele ya Somoe mwenyewe. Msimu ujao mashine ikitufia, kazi zote za chapa nazipeleka Mtwara kwa watu binafsi. Bei yao ni nzuri. Na nafasi ya mpiga chapa naifuta."

Nikamgeukia Somoe, nikitegemea aniunge mkono. Akasema, "Nangu, mimi hapa, nataka ya kipande kimoja."

Nilimtazama kana kwamba amenipiga kofi. Tulipotoka nje nikamwuliza vipi. "Shikamoo yako naipokea kila asubuhi, na bado unanikata mbele ya bosi?"

"Mama Bertha, usinikasirikie. Wewe unaona vipuri. Mimi naona waya. Waya sakafuni, na gongo hili, na mguu huu. Nikianguka nikavunja mkono, hiyo kompyuta yako inayofunguliwa ataitumia nani? Mnaninunulia mimi, au mnajinunulia ninyi?"

Alikuwa na haki, na nilimwambia. Ni lazima niseme pia kwamba ile ya kipande kimoja haikuwa mashine mbaya. Kama ningekuwa Dar, penye umeme usioyumba, vumbi kidogo na fundi kila kona, ningeichagua hata mimi, kwa meza ndogo na mtu asiyependa matata. Lakini tulikuwa Newala. Umeme wetu ulitoka kwenye jenereta iliyokohoa kama mzee wa tumbaku. Na kila mwaka kuanzia Juni wakulima wanapuliza salfa, ule unga wa njano unaozuia ugonjwa wa ubwiri kwenye maua ya mikorosho. Upepo unaubeba mpaka kwenye chai. Mashine isiyofunguliwa itasafishwaje?

Nikanunua ya sanduku. Ila kabla haijafika nilimwita seremala, nikamwambia atengeneze meza yenye rafu upande wa ukutani, juu, na waya zote azibane kwenye ukuta kwa misumari, hata mmoja usiguse sakafu. Nilikwenda mwenyewe kutembea pale kwa gongo la Somoe nijaribu. Watu wa ofisi walicheka mpaka wakatoka nje. Somoe hakucheka. Aliniamkia kwa heshima zote, "Shikamoo Mama Bertha," halafu akageukia taipureta yake, na ikawa hivyo kila asubuhi kwa muda mrefu. Iliniuma sana. Nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Mashine ikafika, ikafungwa, na Somoe akaimudu haraka kuliko sisi wote. Ukaja msimu wa salfa. Asubuhi moja nikaingia, nikamkuta ameifunga sipiyu kwa kanga, ameizungushia mbele na nyuma, na fundo safi juu, kama mtoto anayepelekwa kliniki siku ya baridi. Mashine inanguruma ndani humo humo na kazi inaendelea.

Mgeni angeshangaa. Sisi hatukushangaa. Kwetu kitu cha thamani hufunikwa. Redio ina kitambaa chake cha kufuma, mtungi una kifuniko chake, na katika nyumba za Newala, ambako ndoo ya maji ilifuatwa mbali, kuacha kitu wazi ni aibu ya mwenye nyumba. Wageni walimsifu Somoe. Meneja alimsifu. Mimi nilimwongezea kanga nyingine. Hakuna aliyetuambia kwamba mashine hiyo inavuta pumzi kwa feni iliyoko mgongoni, na kwamba sisi tulikuwa tumeiziba pua.

Kwa kawaida kitu cha umeme kinapoungua unakinusa. Lakini nje walikuwa wanapuliza, na harufu ya salfa ilijaa ofisini, inakaba koo. Tukapiga chafya na kuendelea. Kioo kikawa cheusi ghafla. Somoe akabonyeza, akabonyeza. Kimya. Alipofungua fundo la kanga, moshi mwembamba ukatoka.

Bwana Meneja alikuja akasimama mlangoni. Hakugomba, na hilo ndilo lililotutisha. "Si nilisema?" Akarekebisha tai. "Ijumaa ninakwenda Mtwara. Nikiondoka hapa ikiwa bado ni maiti, ninasaini na wale watu."

Alipoondoka Somoe alikaa chini, gongo limeanguka pembeni. "Kanga yangu mwenyewe," akasema. "Mama Bertha, nimejifukuza kazi kwa kanga yangu mwenyewe."

"Kanga moja ni yangu," nikamjibu. "Inuka."

Nikaagiza fundi kutoka Tandahimba, mtu wa redio aliyekuwa ameanza kujifunza kompyuta kwa kuziua na kuzifufua. Alifika na basi siku ya pili, akafungua ubavu wa sanduku. Unga wa njano ulikuwa umelala ndani umechanganyika na vumbi jekundu. Akachomoa boksi dogo la bati lililoungua mgongoni. "Hii ni pawa saplai," akasema, "ndiyo inayogawa umeme kwa wenzake. Imekufa peke yake. Wengine wote wazima."

"Na kazi za Somoe zilizomo ndani?"

"Ziko kwenye hadi diski. Hazijaguswa."

Sikusubiri chai. Nilipanda lori la magunia kwenda Masasi, nimekaa mbele kati ya dereva na mkewe, boksi lile bovu nimelipakata. Masasi kulikuwa na duka moja la vifaa vya ofisi. Mwenye duka akalipima kwa macho, akaingia ndani, akatoka na jingine linalofanana. Pale kaunta palikuwa na mnunuzi mmoja wa korosho aliyekuwa na kompyuta ya kipande kimoja; kioo kilikuwa kimemfia, na mashine nzima, na hesabu zake zote, vilikuwa safarini Dar. Alikuwa anaulizia kama kuna habari. Sikumcheka. Ila ndani ya roho yangu nilipiga vigelegele.

Niliporudi, fundi alishasafisha kila kitu kwa brashi ya rangi. Akaingiza boksi jipya, skrubu zikakazwa. Somoe alikuwa amesimama, hataki kukaa, midomo inatembea. Nilisikia Yasini. Na mimi, mjukuu wa katekista, nilisoma Baba Yetu kimoyomoyo, ili pande zote ziwe zimeombwa. Fundi akabonyeza. Feni ikalia, kioo kikawaka, na kazi ya Somoe ya siku ile ikarudi mbele yake.

Somoe alilia kwa sauti. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akamnyooshea fundi mkono. "Nipe bisibisi. Nionyeshe inavyofunguliwa. Yote."

Ijumaa Bwana Meneja alipita akiwa na mkoba wake wa safari. Akachungulia, akamkuta Somoe anapiga chapa na sipiyu iko wazi mgongo, bila nguo. "Haya," akasema, akaendelea na safari. Mkataba hakuusaini.

Tangu hapo kila wiki ya salfa Somoe alifungua sanduku lake na kulifagia kwa brashi, akaongeza memori ilipohitajika, akabadilisha hadi diski, bila kumwita mtu. Ofisi nyingine zikaanza kumwita zikikwama.

Natamani ningewaambia kwamba chama chetu kiliokoka. Hakikuokoka. Wanunuzi binafsi walitushinda kwa haraka na kwa fedha taslimu, na sisi wenyewe tulijishinda kwa vikao. Tawi likafungwa, sote tukapunguzwa kazini, Meneja kwa mfagizi. Kazi yangu ya mwisho kama Afisa Ugavi ilikuwa kuuza mali nilizozinunua kwa mikono yangu. Samani zilikwenda upesi. Sanduku lile lililochubuka halikutakiwa na mtu, na Somoe alilichukua kwa halali, na meza yake ya rafu, akafungua chumba cha kuchapa karibu na stendi ya Newala.

Mimi nilistaafu, nikarudi kwenye mikorosho yangu Chiwata. Watu huniuliza ninajivunia nini katika miaka ile yote, maana ofisi niliyoitumikia haipo hata kibao chake. Huwa sipepesi macho. Afisa Ugavi haulizwi ofisi ilifika wapi. Anaulizwa alichokinunua kilimfaa nani.

Mara ya mwisho nilipopanda Newala nilipita pale kwa Somoe. Chumba kimejaa: wanafunzi, walimu, mabwana harusi na kadi zao. Binti yake anapokea watu, yeye anachapa. "Shikamoo Mama Bertha! Karibu benchi, hapa hatupendelei mtu." Nikakaa. Pembeni yangu alikuwa amekaa Bwana Meneja, hana tai, mkononi ameshika barua ya kuomba kazi aliyoiandika kwa kalamu, anasubiri ichapwe. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za watoto. Akawa anatazama lile sanduku kwenye rafu, feni inalia polepole.

"Mama Bertha," akasema, "hivi siku ile hasa ulimnunulia nani?"

"Niliinunulia kazi, Bwana Meneja. Ofisi imekufa, kazi ipo."

Somoe akaita anayefuata, na Bwana Meneja akasimama.