Mnazi wa Dzombo na Gata la Jedida

Jedida Sanga wa Kaloleni hakuwa mtu wa kupiga mayowe. Siku mumewe alipobaki ananing'inia kwenye ukingo wa paa, mvua inamchapa mgongoni na ngazi imelala chini matopeni, Jedida alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamtazama, akamwuliza anafanya nini huko juu.

"Nasafisha gata," akasema Dzombo.

"Naona."

"Ngazi iko wapi?"

Jedida akaweka mwiko juu ya tangi, akainua ngazi, akaiegemeza ukutani, akaishikilia mpaka mzee akateremka. Kisha akarudi jikoni kumalizia sima. Sima ile ilitoka na madonge, na mwanamke huyu alikuwa mpishi wa shule miaka na miaka, hajui sima ya madonge inafananaje. Aliogopa, tena aliogopa vibaya sana, kwa sababu mume alikuwa naye huyo mmoja tu na alikuwa amemzoea.

Waliokaa bondeni hawataelewa habari hii, kwa hiyo wacha tuwaeleze. Nyumba ya Jedida iko juu ya kilima, imekaa peke yake kama mtu aliyekosana na majirani, na upepo wa masika ukitoka huko chini haukuti kizuizi mpaka umfikie yeye. Bomba la kijiji hutoa maji siku likijisikia. Maji ya kunywa, ya kupikia na ya kufulia ni yale ya tangi, na ya tangi ni yale ya paa, na kati ya paa na tangi pana gata, ule mfereji wa bati unaopita ukingoni. Gata likiziba, mvua inanyesha mchana kutwa na wewe unakwenda kuomba maji kwa watu.

Na gata lilikuwa linaziba, kwa sababu ya mnazi. Ulisimama nyuma ya nyumba, ukainamia paa kana kwamba unasikiliza mazungumzo ya ndani. Asubuhi na jioni ulidondosha punga, yale maua madogo ya manjano, na baada ya punga vidaka, zile nazi changa, na baada ya vidaka kuti kavu zima pale ulipoamua. Punga zikilowa zinakuwa uji. Uji ukijaa kwenye gata, bati linapinda kwa uzito, maji yanamwagika mlangoni na yanayofika kwenye tangi yana rangi ya chai ya jana.

Utauliza kwa nini wasiukate. Mamake Dzombo alipojifungua alichimba shimo mahali pale, akazika kitovu cha mwanawe, akapanda mnazi juu yake. Mnazi ule ni Dzombo. Ungeanguka leo, kesho ukoo mzima ungefika na mikeka kama waliopelekewa habari ya msiba, na Jedida angelazimika kuwapikia.

Kwa hiyo kila mvua kubwa ilipopiga, Dzombo alipanda ngazi. Mtu mwingine hakumkubalia apande. Huyu ujana wake alikuwa mgema, na wagema wa wakati huo walimtaja kwa heshima. Minazi mirefu aliipanda kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina, kibuyu cha tembo, ile pombe ya mnazi, kiunoni, huku akipiga mluzi. Kisha Jedida akaokoka. Alimwambia mumewe kwamba katika boma lake hapatakuwa na pombe, na achague, ni yeye au kibuyu. Dzombo akashuka. Akaifuta kotama yake, kile kisu cha wagema, akaifunga kwa kitambaa, akaichomeka chini ya makuti ya paa. Wakati ule nyumba ilikuwa ya makuti na gata halikuwapo.

"Ngazi hupandi tena," Jedida alimwambia jioni ya siku ile, wakila yale madonge.

"Basi gata litajisafisha lenyewe."

"Litafunikwa."

Alianza na waya wa kuku. Fundi alifunika gata lote, kazi safi, na kuti likidondoka lilikaa juu ya waya vizuri kabisa. Punga zilipita matunduni kama watoto wanaotoka shule. Dzombo akapanda ngazi kuufungua waya, kisha akasafisha, kisha akaufunga tena, na hivyo akakaa juu mara mbili ya muda wa zamani. Jedida alishikilia ngazi wakati wote huo.

Akaja na chandarua. Hiki kilizuia punga zote, na kilizuia na maji pia. Mvua ya kwanza iliyokuja na upepo iliruka juu ya chandarua, ikaanguka mlangoni, ikachimba mtaro ambao bata walihamia siku hiyo hiyo. Yale machache yaliyopenya yalinuka dawa ya mbu. Dzombo akapanda ngazi kukitoa.

Binti yao Pamela, anayefanya kazi hotelini Watamu, akapiga simu kusema kwamba wenye nyumba za ufuoni wanatumia vifuniko vya plastiki vyenye matundu. Jedida akavaa viatu vya kanisani, akaenda mpaka Kilifi, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akamkuta kijana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi, anaitwa Peterson.

"Mama, hiki ni cha nje," akasema Peterson. "Hata theluji kinaihimili."

"Theluji hatuna. Punga je?"

"Punga ni nini?"

Hapo mtu mwenye akili zake angeaga. Jedida alinunua. Alikuwa akilala anaiona ile miguu ya mzee inayoning'inia, na mtu akiwa na hofu ya namna hiyo atanunua hata cha theluji. Dhoruba iliyofuata iling'oa kifuniko chote kwa mkupuo mmoja, ikakivusha bonde. Walikipata siku ya tatu kwa watu, kimeanikiwa dagaa. Jedida alisalimia, akaulizwa hali, akasema nzuri, akakiacha hapo hapo maana dagaa walikuwa hawajakauka.

Baada ya hapo akawa mtu wa kutazama mapaa ya wenzake. Alitazama njiani, alitazama matangani, mpaka watu wakadhani anatafuta mabati ya kununua. Jumamosi moja akaenda kwa Nelly, anayeimba naye kwaya, na nyumba ya Nelly iko katikati ya minazi, mitatu mizima imeegemea paa. Gata lilikuwa wazi. Halina waya, halina chandarua, halina chochote.

"Mwenzangu, gata lako mnalisafisha lini?"

"Kwani gata husafishwa?" akauliza Nelly.

Jedida akatazama chini. Chini palikuwa peupe, hapana punga, hapana kidaka. Akatazama juu. Kwenye kila mnazi vilikaa vibuyu, na lile panda ambalo lingefunguka likamwaga maua lilikuwa limefungwa kamba toka mwanzo, limekatwa ncha, linatoa tembo taratibu. Kinachotoka kama tembo hakiwezi kudondoka kama ua. Makuti makavu nayo mgema alikuwa ameshayapunguza, maana hapendi yamkwaruze.

"Ni la siki hilo," Nelly akawahi kusema. "Sisi tunafanyia siki tu."

"Sikukuuliza," akasema Jedida, akaaga.

Dzombo alikuwa uani anapukuchua mahindi. Jedida akaketi kwenye kigoda mbele yake.

"Baba Pamela, mnazi unaogemwa haudondoshi punga."

"Haudondoshi."

"Ulijua."

"Nilikuwa mgema."

"Tangu lini ulijua kwamba dawa ya gata ni hiyo?"

"Tangu tulipoezeka mabati."

"Ukanyamaza. Ukawa unapanda ngazi kwenye mvua."

Dzombo akamaliza hindi alilokuwa nalo, akachukua jingine. "Ningekuambia mimi, ungesema Dzombo anatamani kibuyu chake."

Jedida alifungua kinywa akane, akakumbuka kuwa ndivyo hasa ambavyo angesema, tena mbele za watu. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Na ulikuwa unakitamani?"

"Siku zote," akasema Dzombo. "Lakini nilikuwa nimeshakuahidi."

Jedida akachukua hindi, akaanza kupukuchua naye. Wakapukuchua hivyo mpaka kapu likajaa.

Jumapili baada ya ibada aliomba kikao na wazee wa kanisa, kwa kuwa na yeye ni mzee wa kanisa na hakutaka waisikie habari njiani. Akawaambia kwamba ameamua kulikinga gata lake kwa mgema. Mzee mmoja akakohoa, akauliza kama hakuna njia nyingine.

"Nimetia waya, nimetia chandarua, nimetia plastiki ya theluji," akasema Jedida. "Mwenye njia ya nne aje nayo nyumbani, na aje na ngazi yake, maana mume wangu hapandi tena."

Hakuna aliyejitolea. Mchungaji akauliza hilo fungu la tembo la mwenye mnazi litakwenda wapi. Siki, akasema Jedida, na Nelly, aliyekuwa amebaki kwenye kiti cha nyuma, akaanza kutafuta kitu mkobani.

Mgema aliitwa Mramba, kijana mwenye adabu. Akapiga shikamoo mbili, akauzunguka mnazi, akasema ni mtu mzima huu. Dzombo akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kitambaa. Siku walipong'oa makuti kuweka mabati aliihamishia kotama chini ya godoro, upande wa Jedida, ambako hakuna ambaye angeitafuta. Akampa Mramba. Kisha akakaa chini ya mnazi akamwelekeza yule kijana kila kidato, akamkosoa kila kidato, na Mramba akaitikia naam mzee, naam mzee, mpaka kileleni.

Mvua kubwa ya masika ilirudi asubuhi moja, upepo unatikisa madirisha. Dzombo akaamka kwa mazoea, akavaa koti la mvua, akatoka. Ngazi Jedida alikuwa ameshawapa kuku walalie. Dzombo akasimama uani kwenye mvua, akainua macho. Maji yalikuwa yanapita kwenye gata meupe, yanaingia kwenye tangi kwa kishindo. Akasimama kidogo, mikono haina kazi, akarudi ndani.

"Kukoje?" Jedida akauliza.

"Safi."

"Kaa basi."

Akaketi. Jedida akamwekea kikombe mbele yake, kile cha chai, akageuka kushughulika na jiko. Dzombo akakiinua, akakinusa, akakirudisha mezani. Akakaa akikitazama.

"Mama Pamela. Hii si chai."

Lilikuwa tembo tamu la alfajiri, Mramba ameliteremsha kabla mvua haijaanza, bado lina povu. Jedida hakugeuka.

"Kunywa kabla halijachacha," akasema.

Dzombo akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa polepole, mvua inanyesha, na hana pa kupanda.