Chumba cha Watoto na Jiko

Ukiniletea hesabu zilizonyooka kupita kiasi, nakuchunguza wewe kabla ya hesabu. Ndiyo maana mchoro wa wodi ya wazazi uliponifikia ukionyesha joto zuri kila kona, tena mwezi wa Julai, Songea hii ya baridi, nilijua pana mtu anadanganya.

Kazi yetu ni kuligawa jengo katika kanda kabla kompyuta haijakadiria joto lake. Vyumba vinavyopata jua sawa na kutumika sawa huwekwa kanda moja, vinavyotofautiana hutenganishwa. Mhandisi mwenzangu, bwana mmoja mwenye shikamoo ndefu kuliko kazi, alikuwa ameunganisha chumba cha watoto wachanga na jiko ambamo ndugu huwapikia wagonjwa. Moto wa huku ukachanganywa na baridi ya kule, ukatoka wastani wa kupendeza. Kwa wastani huo, ukarabati uliopangwa ungekiruka chumba cha watoto: hakuna dari, hakuna kuziba madirisha.

Sikumuuliza, nilimvizia. Kila nilipopita akifunga kompyuta yake nilisema moyoni, kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi asubuhi nikaenda wodini kumwona binti yangu, aliyekuwa amejifungua juzi yake. Kitanda kitupu. Vitanda vyote vitupu, na upepo wa milima ya Matogoro unapita juu ya kuta. Niliogopa sana. Nikawakuta jikoni, wote, wameyazunguka mafiga na vichanga vyao, moshi umetanda, mjukuu wangu anakohoa.

"Chumbani tunaganda, mama," binti yangu alisema. "Si hata wewe ulitulea penye moto?"

Jumatatu nikambana mwenzangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakutuma uunganishe jiko na chumba cha watoto?"

Akanitazama kama mtu aliyesingiziwa. "Hakuna, mama. Nilipokwenda kupima niliwakuta wazazi wote jikoni na watoto wao. Nikaona hapo ndipo wanapokaa, nikavihesabu kuwa chumba kimoja. Hata mimi nimekulia jikoni hivyo hivyo."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia mwongo. Mwongo ningemweza. Huyu alikuwa ameona mila ya kwetu, akaiamini, na hasira yangu ikakosa pa kutua.

Nikazitenganisha kanda mbele yake. Kompyuta ikakipaka chumba cha watoto buluu, rangi ya baridi. Nikamwambia mjukuu wangu kazaliwa wodi hiyo.

"Mjukuu kalala wapi jana, mama?"

"Jikoni," nikasema. "Bado anakohoa."