Mawe Mabichi ya Kuluba

Miaka ile ya sabini na kitu kuelekea mwisho, maduka ya Arua yalikuwa na rafu tupu na wenye maduka waliochoka kukataa wateja. Sabuni hakuna, chumvi kwa bahati, jembe usiulize. Mimi nilikuwa mwalimu wa kemia. Wenzangu wawili walikuwa wameondoka bila kuaga, kwa hiyo nilibeba vipindi vyangu na vyao, na jioni nilirudi nyumbani Oli miguu ikiniuma kama mzee.

Likizo fupi ilipofika mke wangu alisema twende Kuluba kwa wazazi wake. Mvua zilikuwa zimeanza, na jembe la mama yake lilikuwa limelika mpaka limebaki upana wa kiganja. Shamba zima lilimngoja yeye na kile kipande. Baba yake alikuwa mfua chuma zamani, kabla majembe ya kiwandani hayajaja na kumpokonya kazi. Sasa yalikuwa yametoweka, basi mzee alikuwa amejenga tanuru jipya la udongo nyuma ya nyumba, la kutoa chuma kwenye mawe. Mwezi mzima alichoma makaa peke yake, na kifua chake kibovu kile! Makaa hayo yalitosha moto mmoja tu.

Mimi na mzee tuliongea Kiswahili, chake cha jeshini alikopita ujanani, changu cha mjini. Alinionyesha rundo la mawe mekundu aliyoyachimba kilimani.

"Hii mawe iko na maji ndani," alisema. "Inataka kuni kwanza. Inachomwa, inapoa, inapasuliwa ndogo ndogo. Siku mbili."

Mimi nilikuwa na siku tatu kabla ya kurudi shule, na mwili wangu wote ulitaka kulala. Nikamwambia hakuna haja. Nikachora kwa kijiti chini, kama ubaoni: ndani ya jiwe mna chuma na oksijeni, gesi ya makaa inapanda, inaichukua oksijeni, chuma kinabaki. Moto wa tanuru wenyewe utakausha maji. Jamani, nilivyojisikia mwerevu!

Mzee aliutazama mchoro. "Hiyo hewa ya makaa itaingia kwa jiwe kupitia wapi?"

"Hewa inapita popote, baba."

Akaenda kwenye tanuru lake la zamani lililobomoka, akarudi na kipande cha jiwe lililochomwa enzi hizo. Akaniambia niliguse kwa ulimi. Likanata, nikalivuta likatoka kwa shida. Kisha akanipa jiwe bichi. Hilo halikunata hata kidogo.

"Ile iko na matundu. Hii imefunga."

Nilielewa, wallahi nilielewa. Lakini siku mbili za kukata kuni! Nikasema hiyo ni tofauti ndogo tu. Mzee akakohoa, akafuta mikono. "Haya. Wewe ndiyo mwalimu."

Tulijaza tanuru alfajiri. Tulivukuta moto kwa zamu, yeye, mimi na mke wangu, mpaka mabega yakakataa. Kabla ya saa sita tulisikia mawe yakipasuka ndani, pa, pa. Maji yaliyomo yalikuwa yakigeuka mvuke bila pa kutokea. Vumbi lake likaziba nafasi kati ya makaa, na upepo wa mivukuto ukaanza kuturudia usoni.

Jioni tulibomoa. Mzee alichukua jiwe lililobaki zima, akalipiga nyundo. Nje palikuwa na chuma kweli, chembamba kama ganda la karanga. Chini yake weusi. Katikati jiwe jekundu, jekundu kama lilivyotoka kilimani. Ganda lilikuwa limejifanya chuma mapema, likafunga, na gesi haikupata njia tena. Akapasua la pili, la tatu. Yote hivyo hivyo.

Makaa yalikuwa yamekwisha. Mama mkwe alikuja, akaona, akarudi jikoni. Msimu ule alilima nusu ya shamba kwa kile kipande, na nusu nyingine ikabaki majani. Mke wangu aliniambia habari hiyo bila kuniangalia.

Lakini siku ile ya tanuru mzee hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Tulikaa chini wote wawili, weusi kwa masizi, hatuna nguvu hata ya kwenda kunawa.

"Mwalimu," alisema, "huko shule, watoto unawafundisha ile ile umeniambia mimi?"

"Ndiyo, baba."

Akaokota kipande cha jiwe lililopasuliwa, akakigeuza upande mwekundu juu.

"Na wao wanaandika?"

"Wanaandika."